Paneli ya Zamani Ilijua Mengi Kuliko Sisi

Ukihesabu skrubu na nyaya tu, kubadilisha paneli ya kudhibiti milango, lile boksi linalopokea namba ya kadi na kuamua mlango ufunguke au la, ni kazi nyepesi: fungua ya zamani, funga mpya ukutani, rudisha kila waya mahali pake. Muuzaji aliyetuletea paneli mpya alituambia hivyohivyo, tena kwa bashasha. Mimi ni fundi wa milango ya umeme, na kwa nilivyoona, skrubu na nyaya ni sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ni yale ambayo paneli ya zamani imekuwa ikiyafanya kimyakimya miaka yote. Hakuna aliyeyaandika popote, na waliokuwa wameyapanga walishahama kazi zamani.

Jengo lilikuwa la ofisi, milango minane, wafanyakazi mia nne na ushee. Paneli yenyewe haikuwa mbovu. Kampuni iliyoitengeneza ilitangaza kwamba modeli ile haitengenezwi tena, kisha ikataja tarehe ambayo vipuri na msaada wa kiufundi vingekoma. Tatizo jingine lilikuwa chini ya meza ya mapokezi: kompyuta kuukuu yenye Windows XP, kwa sababu programu ya paneli ilikataa kukaa kwenye kitu kipya zaidi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014. Kompyuta ile ilikuwa haijazimwa kwa muda mrefu, na kila mtu aliogopa kuizima, maana hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba ingewaka tena.

Meneja wa utawala aliniuliza swali la haki kabisa: "Fundi, kama kinafanya kazi, tunakigusa cha nini?"

Nilimjibu kwamba paneli iliyo hai unaweza kuihoji. Unaweza kuiuliza ina kadi zipi, ratiba zipi, mlango gani unakaa wazi kwa sekunde ngapi. Ikishakufa, umebaki na boksi la chuma lenye nyaya nyingi zisizo na majina, na watu mia nne wamesimama nje wanakutazama. Paneli za kizazi kile nyingi huhifadhi kadi kwenye kumbukumbu inayolindwa na betri ndogo ya lithiamu. Betri hiyo ikiwa imekwisha, paneli itaendelea kufanya kazi vizuri mradi umeme haukatiki. Siku utakapoizima ili kuihamisha, kila kitu kinafutika. Kwa hiyo kabla ya kugusa bisibisi nilitoa nakala ya data yote, nikaiweka mahali pawili tofauti, kisha nikaifungua kuhakikisha inasomeka. Meneja alikubali. Nadhani wazo la watu mia nne nje ndilo lililomshawishi.

Sasa tuje kwenye namba za kadi, maana hapa ndipo pangeleta balaa kubwa kuliko kwingine kote, na balaa lenyewe lisingepiga kelele.

Kadi zile zilikuwa za mfumo wa Wiegand wa biti 26, yaani kisoma kadi huipelekea paneli namba ya kadi kama mfululizo wa sifuri na moja 26, na bado umeenea duniani licha ya uzee wake. Katika biti hizo 26, mbili ni za kukagua makosa, nane ni namba ya eneo, yaani kuanzia 0 hadi 255, na kumi na sita ni namba ya kadi, kuanzia 0 hadi 65,535. Juu ya kadi mtu husoma kitu kama 050,12345: eneo la 50, kadi ya 12345. Lakini orodha iliyotoka kwenye programu ya zamani haikuwa na namba hizo. Kadi hiyohiyo ilionekana kama 3289145. Ukiipiga hesabu unaona ilikotoka: 50 mara 65,536, ongeza 12,345. Programu ilikuwa imeziunganisha biti zote ishirini na nne na kuzisoma kama namba moja ndefu.

Paneli mpya ilitaka namba mbili mbalimbali, ya eneo na ya kadi. Muuzaji alikuja na kijiprogramu chake cha kuhamisha data, na kijiprogramu hicho kilichukua tarakimu tano za mwisho na kuziita namba ya kadi. Kwa kadi tuliyoitaja, tano za mwisho ni 89145. Namba hiyo haiwezi kuwapo kwa sababu imepita 65,535, kwa hiyo mfumo mpya uliikataa. Kukataliwa ni jambo jema. Unaona kosa, unalitafuta. Sasa chukua kadi ya 30000 ya eneo hilohilo. Kwenye orodha ndefu inakuwa 3306800, na tarakimu tano za mwisho ni 06800. Kadi 6800 ni namba halali kabisa, na inaweza kuwa mfukoni mwa mtu mwingine. Mfumo ungeipokea bila kulalamika. Mtu wa ghala angejikuta anafungua chumba cha seva, na mwenye ruhusa ya chumba cha seva angekataliwa mlangoni mwake.

Niliweka kijiprogramu kile pembeni nikaandika hesabu mwenyewe kwenye jedwali: gawanya kwa 65,536, sehemu nzima ni eneo, baki ni kadi. Kisha nikaenda na orodha mkononi nikazikagua kadi halisi za watu wa kila idara nikilinganisha namba iliyochapwa na ile ya jedwali. Ni kazi ya kuchosha, na watu hukuangalia kama unawashuku. Lakini hakuna namna nyingine ya kujua.

Katika jedwali hilohilo palikuwa na safu moja ambayo karibu yote ilikuwa tupu, isipokuwa kwa mtu mmoja aliyeandikiwa "ndiyo". Kichwa cha safu kilikuwa kifupisho kisichoeleweka. Mhamishaji data asiye na subira angeifuta safu ile. Nilipomtafuta mwenye kadi nilimkuta dada wa idara ya hesabu anayetembea kwa magongo. Kadi yake ilikuwa inauacha mlango wazi kwa sekunde ishirini badala ya tano. Mwenyewe hakujua, alidhani milango yote iko hivyo kwa kila mtu. Paneli mpya ilikuwa na uwezo huohuo, ila mpangilio wake ulikuwa kwenye ukurasa tofauti kabisa na ule wa kuandikisha kadi, na hakuna kijiprogramu ambacho kingeuhamisha.

Baada ya hapo nikaanza kuwauliza watu. Wafungaji wa mifumo huwa hawamuulizi mlinzi, na mlinzi ndiye anayeuona mlango saa zote. Mzee wa lango la mbele alinisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, huu mlango mkubwa siku za kazi unajiachia wenyewe asubuhi. Lakini siku za sikukuu haujiachii mpaka mtu aje."

Nilimshukuru, maana sentensi ile ilikuwa na thamani kuliko kitabu cha maelekezo. Paneli ya zamani ilikuwa imepangwa ifungue mlango kwa ratiba, lakini baada tu ya mfanyakazi wa kwanza kupitisha kadi yake. Asipokuja mtu, mlango unabaki umefungwa. Paneli mpya, ukiipa ratiba bila kuiambia sharti hilo, inafungua saa ikifika, awe yupo mtu ndani au hayupo. Siku ya kwanza ya sikukuu jengo lingekuwa wazi kwa yeyote anayepita.

Ratiba yenyewe ilikuwa na kichekesho chake. Mlango ulipangwa kufunguka saa 1:50 asubuhi, wakati kila mtu aliniapia kwamba unafunguka saa 2 kamili. Nikatazama saa ya paneli: ilikuwa nyuma kwa dakika kumi. Mtu fulani, zamani, badala ya kurekebisha saa alirekebisha ratiba. Paneli mpya huchukua saa kutoka kwenye mtandao, kwa hiyo kunakili ratiba kama ilivyo kungefungua mlango dakika kumi kabla ya wakati. Pia ripoti zote za zamani za nani aliingia saa ngapi zina kosa hilo la dakika kumi. Nililiandika hilo kwa maandishi na kumkabidhi meneja, maana siku moja mtu anaweza kuzitumia ripoti zile kwenye shauri la nidhamu.

Nyaya zina mambo yake. Kupiga picha na kubandika lebo kila mtu anajua, sitakaa hapo. Ninachotaka kusema ni kuhusu rezista, vile vijidude vya kupunguza mkondo wa umeme. Waya unaotoka kwenye kihisi cha mlango hadi kwenye paneli huwekewa rezista ili paneli itofautishe hali nne: mlango umefungwa, mlango uko wazi, waya umekatwa, waya umeunganishwa kwa hila. Kila mtengenezaji ana thamani zake. Zetu zilikuwa za omu 5,600 (omu ni kipimo cha ukinzani), na paneli mpya ilitegemea kuona omu 1,000 mlango ukiwa umefungwa na 2,000 ukiwa wazi. Ukiacha zile za zamani, ama paneli italia hitilafu mchana kutwa, ama fundi mvivu atazima ukaguzi huo ili iache kulia.

Nilipoenda kuzibadilisha, nikakuta kwenye milango kadhaa rezista hazikuwa mlangoni. Zilikuwa ndani ya boksi la paneli, zimefungwa kwenye skrubu. Aliyezifunga alitaka kumaliza mapema. Rezista iliyo ndani ya boksi hailindi waya ulio nje ya boksi. Mtu angeunganisha ncha mbili za waya ule darini na paneli ingeamini milele kwamba mlango umefungwa. Mmojawapo ulikuwa mlango wa chumba cha seva. Kwa hiyo ninapowaambia wateja kwamba kuhamia paneli mpya kunafichua yaliyofichika kwenye usakinishaji wa zamani, si maneno ya kuongeza bili.

Umeme nao. Paneli mpya ilisifiwa kwamba inapata umeme kupitia waya uleule wa mtandao, bila chaja wala transfoma. Kwa mlango mmoja wenye kitasa kidogo cha umeme, sawa. Lakini kiwango cha kawaida cha umeme wa mtandao, kile kinachoitwa 802.3af, hufikisha wati 12.95 kwenye kifaa. Kufuli la sumaku, ambalo hushika mlango mradi tu lina umeme, likiwa la volti 12 na kuvuta nusu ampea linakula wati 6 peke yake. Mawili ni 12. Ongeza visoma kadi viwili na paneli yenyewe, umeshapita.

Kuna jambo jingine hapo ambalo mita pekee ndiyo hulionesha. Chaja ya zamani ilikuwa inatoa volti 13.8, kwa sababu ilikuwa pia inachaji betri. Mlango wa mbali ulikuwa mita arobaini, kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5. Kwenda na kurudi ni mita themanini, ukinzani unafika karibu omu 2.75, na kwa nusu ampea unapoteza volti 1.4 njiani. Kutoka 13.8 unabaki na 12.4, na kufuli linashika barabara. Paneli mpya ilitoa volti 12 kamili. Mlangoni zingefika 10.6. Kufuli lingewaka taa yake ya kijani, lingeonekana limeshika, na kijana mwenye nguvu angelivuta likaachia. Niliamua kuibakiza chaja ya zamani kwa ajili ya makufuli, nikabadilisha betri zake. Ukifanya hivyo, usisahau kuunganisha hasi ya chaja na hasi ya paneli. Visoma kadi vikila umeme wa chanzo kimoja huku data ikienda kwenye kifaa cha chanzo kingine bila hasi ya pamoja, namba za kadi hufika zimevurugika, leo zinasoma, kesho hazisomi. Mafundi wamebadilisha visoma kadi vizima kwa ugonjwa huo.

Kufuli linapokatiwa umeme, koili yake, yaani waya uliozungushwa unaotengeneza sumaku, hurudisha mshtuko wa volti nyingi kwa kitambo kidogo. Paneli ya zamani ilikuwa na kinga yake ndani. Mpya haikuwa nayo, na kwenye majaribio juu ya meza ilijizima na kujiwasha kila mlango ulipofunguka. Dayodi ya 1N4007, kijidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ikifungwa kinyume kwenye nyaya za koili, mstari wake ukielekea chanya, inamaliza shida hiyo kwa vitasa vya umeme vya mkondo mnyoofu. Kwa makufuli ya sumaku soma kwanza karatasi yake: mengi yana kinga ndani tayari, na dayodi ya ziada huyafanya yachelewe kuachia.

Kuachia ndiko kulikonifanya nigombane na watu. Kwenye mfumo wa zamani waya wa kengele ya moto uliingia kwenye paneli kama taarifa tu, halafu paneli, kwa programu yake, ndiyo iliyoamua kufungua milango. Ilifanya kazi miaka yote. Muuzaji alitaka tufanye vilevile kwenye mpya kwa sababu ni rahisi: waya mmoja na mpangilio kidogo kwenye skrini. Nilikataa. Kengele ya moto ikilia, umeme wa makufuli ya sumaku ukatwe moja kwa moja na relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, bila kumuuliza kompyuta yeyote. Vivyo hivyo kitufe cha kutokea. Kanuni ya Marekani ya usalama wa watu majengoni, NFPA 101, ambayo hufuatwa hata nje ya nchi hiyo, kwa milango inayoachia kwa kihisi cha mwendo inadai kitufe kiwe ndani ya takriban mita 1.5 kutoka mlangoni, kikate umeme wa kufuli bila kupitia vifaa vya mfumo, na mlango ubaki umeachia kwa sekunde zisizopungua 30. Paneli inaweza kuganda. Inaweza kuwa katikati ya kusasisha programu yake ya ndani. Mtu anayekimbia moshi hawezi kusubiri iamke.

Hilo lilihitaji kuvuta nyaya mpya na lilichelewesha kazi, na meneja hakufurahi. Nilimwambia aandike barua ya kunielekeza nisifanye hivyo, nami ningeiweka kwenye faili. Hakuandika.

Kuhusu visoma kadi, watu huuliza kama vibadilishwe pamoja na paneli. Wiegand haina usiri wowote: data hupita kwenye nyaya mbili ikiwa uchi, kwa upande mmoja tu, na anayefungua kisoma kadi kilicho nje ya jengo anaweza kuficha kifaa kidogo nyuma yake kinachorekodi kila kadi. OSDP, njia mpya zaidi ya kisoma kadi kuzungumza na paneli, iliyofanywa kiwango cha kimataifa IEC 60839-11-5 mwaka 2020, hupita kwenye nyaya za aina ya RS-485, huzungumza pande zote mbili, na inaweza kufunga mazungumzo hayo kwa usiri wa AES-128. Ni bora, sina ubishi. Lakini paneli mpya ilipokea yote mawili, kwa hiyo nilibakiza visoma kadi vya zamani hadi paneli ilipotulia. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja na mlango ukagoma, hujui umshike nani. Vya nje vilifuata baadaye, nikaanza na lango la mbele, na nikahakikisha usiri wenyewe umewashwa, maana OSDP hukubali kufanya kazi hata bila usiri, na wengi huiacha hivyo wakidhani wamemaliza.

Zamu ya kuhamisha yenyewe ilikuwa tulivu. Paneli mbili zilikaa ukutani bega kwa bega, mlango mmoja mmoja ukihamia upande wa pili, nikianza na ule wa stoo ambao hakuna anayeupigania na kumalizia na lango kubwa. Kila mlango niliujaribu kwa kadi nzuri, kwa kadi iliyofutwa, kwa kitufe cha kutokea, kwa kukata umeme, na kwa kuuacha wazi mpaka ulie. Kadi iliyofutwa ndiyo watu husahau kuijaribu. Mlango unaomfungulia kila mtu unaonekana mzima kabisa ukiujaribu kwa kadi nzuri peke yake.

Wakati wa kuhamisha orodha tulikuta pia kadi nyingi za watu walioacha kazi, bado zina ruhusa. Ofisi ya utumishi ilitaka tuzihamishe zote "kwa usalama" kisha wazipitie baadaye. Nilipendekeza kinyume chake: aingie kwenye mfumo mpya yule tu ambaye mkuu wa idara yake amemsainia, na asiyesainiwa aje mapokezi. Walikuja wachache, wakalalamika, wakaandikishwa.

Kilichobaki kilikuwa boksi la zamani na kompyuta ya chini ya meza. Muuzaji alitaka kulichukua boksi kwa ajili ya vipuri, kwani modeli iliyoachwa kutengenezwa ina wateja wake wanaoihangaikia. Ndani yake mlikuwa na majina na namba za kadi ambazo bado zilikuwa zinafungua milango ileile. Nilichomoa betri ya lithiamu, nikaliwasha tena mbele ya meneja akaona orodha ni tupu, ndipo akasaini liondoke. Diski ya kompyuta tuliitoa, ikafungiwa kwenye kabati la kumbukumbu pamoja na ile barua ya dakika kumi, na kompyuta yenyewe ikaenda bila diski.